Posa, Corolla na sailensa

Mwaka 1994 mjomba alikuwa na Corolla KE70, ile yenye injini ya 4K, ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Likiwa barabarani lilikuwa halina neno, ila likisimama tu linazima. Wiki ya kupeleka posa ya binamu yangu Lushoto, mjomba akalipeleka kwa fundi mmoja mjini Tanga. Fundi akaingiza bisibisi, akapandisha sailensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama, akafunga boneti. "Hilo halizimi tena, mzee."

Na kweli likawa halizimi, hata ukitaka lizime. Unageuza ufunguo, unautoa kabisa, injini bado inajikokota na kutikisa bodi nzima. Mjomba akabuni dawa yake: anakanyaga breki, anatia gia ya nne, anaachia klachi. Linajikunja, linakufa.

Tulitoka Tanga alfajiri: mjomba, mama, mama mkubwa na mshenga, mzee wa kanzu na koti, barua ya posa mfukoni. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa kila gari bovu lina haja ya kijana wa kusukuma. Muheza, Segera, Korogwe, hakukuwa na tatizo. Pale Mombo tukakata kulia kupanda milima.

Anayeijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto hahitaji kusimuliwa. Ni kilomita thelathini na kitu, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande huu na upande wa pili korongo. Kila mjomba alipoachia mafuta ili akate kona, injini iligugumia, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Injini ikizima, breki nayo inakuwa ngumu mguuni. Kazi yangu ikawa kuruka na jiwe na kuliweka nyuma ya tairi kabla hatujarudi tulikotoka. Mshenga hakusema kitu, midomo tu ndiyo ilikuwa inacheza. Nadhani Ayatul Kursiyyu aliimaliza mara nyingi kabla hatujafika Soni. Ndani ya gari kulinuka petroli hadi mama mkubwa akajifunika kanga puani.

Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kabureta haina habari hiyo. Inamimina petroli ileile ya pwani wakati hewa imepungua, na kama tangu Tanga ilikuwa inamimina kupita kiasi, mlimani ndipo injini inapozama.

Nilielewa hayo kwa fundi mmoja mzee tuliyemkuta mjini Lushoto, kavaa sweta la sufu na kofia, gereji yake ni mti na benchi. Nikamwamkia. Mjomba akaanza:

"Fundi, tupandishie sailensa kidogo tu. Kuna watu wanatungoja."

"Mtaipandisha mpaka wapi, bwana? Imeshafika mwisho."

Bisibisi hakuigusa. Alifungua kwanza kichujio cha hewa, akakigonga kwenye shina la mti. Lilitoka vumbi la kutosha kupanda mchicha. Akafungua plagi zote nne. Zilikuwa nyeusi ti! Akazisugua kwa brashi ya waya, moja moja, bila haraka, huku mjomba akitazama saa na mshenga akimtazama mjomba. Akazirudisha, akaniambia niwashe, tukaiacha injini ipate moto sawasawa na choku, kilango kinachobana hewa injini ikiwa baridi, ifunguke yote.

Hapo ndipo alipoinama juu ya kabureta. Kuna skrubu mbili. Moja inasukuma mkono wa kufungulia hewa, ndiyo ya sailensa, ndiyo kila mtu anaikimbilia. Ya pili, ndogo, iko chini kwenye kitako, inapima petroli ya wakati gari limesimama. Alilegeza ile ya kwanza mpaka injini ikakaribia kuzima, kisha akaanza kukaza ya pili, polepole, sikio chini. Injini ikaacha kugugumia na ikapanda yenyewe bila mtu kukanyaga mafuta. Akaendelea kidogo, ikaanza kuyumba, akarudisha. Akaishusha tena kwa skrubu ya kwanza, akarudi kwa ya pili. Geji ya mizunguko gari halikuwa nayo. Vitabu vinataka kama 700 hadi 800 kwa dakika. Yeye alihesabu kwa masikio.

"Nipeni karatasi."

Mshenga akaushika mfuko wa koti haraka. Nikachana gazeti lililofungiwa maandazi, fundi akaniambia niliweke kwenye bomba la moshi. Lilipeperuka kwa mpigo mmoja, sawasawa. "Likifyonzwa kurudi bombani, ujue valvu zimeungua. Zenu nzima." Akazima gari. Likanyamaza papo hapo, na mjomba akacheka peke yake.

Posa ilipokelewa, mambo ya mahari yalichukua mchana kutwa na si ya kuandika hapa.

Tuliporudi Tanga gari likawa linatetemeka kidogo likisimama. Fundi alikuwa ametuambia: mkishuka, hewa itakuwa nzito, petroli itapungua, ile ndogo muifungue kiasi. Mjomba akanipa mimi bisibisi, bila shaka kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni tena kitako cha kabureta. Nikafungua robo mzunguko, nikasikiliza, nikaongeza unywele. Mtetemo ukaisha. Nikapeleka mkono kwenye ile skrubu ya juu, na mjomba akaninyang'anya bisibisi.

"Hiyo haikuhusu," akasema, akaiweka mfukoni.