Uzoefu wangu: kuunda modeli ya chembe za moshi zinazogongana na kushikana vichala

Kabla ya kuandika programu yoyote niliamua kwanza ukubwa wa chembe, kwa sababu ndio unaochagua kanuni ya mwendo. Hewa niliiweka nyuzi 30 za Selsiasi, joto la kawaida hapa Dar es Salaam. Chembe ya kipenyo cha mikromita 1, yenye msongamano wa maji, husahau kasi yake ndani ya kama sekunde 3.5×10⁻⁶. Hatua yangu ya muda ilikuwa sekunde 4.5×10⁻⁵, kwa hiyo matembezi ya nasibu (kila hatua chembe inasogezwa upande wowote kwa bahati, bila kukumbuka kasi yake) yalitosha.

Masizi ya dizeli yanayotoka kwenye daladala ni habari nyingine. Punje yake ya nanomita 30 hukimbia takribani nanomita 16 kabla hewa haijaigeuza njia, yaani umbali unaolingana na nusu kipenyo chake. Hapo kasi lazima ihesabiwe pia, kwa mlinganyo wa Langevin, unaojumlisha ukinzani wa hewa na misukumo ya nasibu ya molekuli zake.

Nilianza na chembe 1,000 za mikromita 1 ndani ya sanduku lenye upande wa mikromita 80.6, ambamo chembe hujaza sehemu 0.001 ya nafasi. Mipaka inajirudia: chembe ikitoka upande wa kulia, inaingia tena kushoto. Ili kompyuta mpakato isichoke kulinganisha kila jozi, nililigawa sanduku katika seli zenye upande usiopungua kipenyo kimoja, kisha chembe ikapimwa na majirani wa seli yake na seli 26 zinazoizunguka tu.

Urefu wa hatua ndio unaoharibu kazi nyingi. Mgongano ukiangaliwa mwisho wa hatua tu, chembe mbili zinaweza kugusana katikati na kuachana bila kuonekana. Hatua ya wastani ikiwa moja ya kumi ya nusu kipenyo kwa kila mhimili, kasi ya migongano hupungua kama asilimia 4. Ikiwa nusu ya nusu kipenyo, hupungua kama asilimia 20. Nilichukua ile ya kwanza.

Kisha jaribio ambalo sikubali modeli yoyote bila hilo. Chembe mbili zikigongana, nafuta moja na kuiacha nyingine ilivyo. Nadharia ya Smoluchowski, inayoeleza jinsi chembe zinazogongana zinavyopungua idadi, inasema grafu ya 1/N kwa muda inyooke, N ikiwa idadi kwa ujazo, na mwinuko wake uwe nusu ya kigezo cha mgongano (namba inayoonyesha jinsi chembe zinavyogongana upesi). Kwa chembe hizi kigezo ni kama 6.9×10⁻¹⁶ m³/s, hivyo idadi inatakiwa kufika nusu karibu na sekunde 1.5. Mwanzoni mstari huwa mkali zaidi, kwa kuwa jirani wa karibu hukutana kwanza. Mwinuko upimwe baada ya hapo.

Jaribio likipita, ndipo chembe ziruhusiwe kushikana. Kichala kikubwa lazima kitembee polepole zaidi. Ukivipa vyote mwendo mmoja, vikubwa vitakusanya chembe upesi mno. Vichala vya namna hii huwa na kipimo cha fraktali (namba inayoonyesha jinsi kichala kinavyojaza nafasi) cha karibu 1.8.

Ukipata namba ya ajabu, kagua kwanza kichala kilichovuka mpaka: viwianishi vyake lazima viunganishwe upya kabla ya kukokotoa nusu kipenyo cha mzunguko (kipimo cha jinsi chembe zake zilivyotawanyika kutoka kitovu), la sivyo kitaonekana kipana kama sanduku zima. Mimi husimamisha programu kichala kikubwa kikifika nusu ya upande wa sanduku, na huhifadhi hali yote kila hatua 1,000 ili umeme ukikatika niendelee nilipoishia.