Boila ya gesi inayowaka na kuzimika ovyo: kosa lilikuwa kwenye waya wa ardhi

Dalili: cheche inatokea, mwali unashika, kisha baada ya sekunde chache vali ya gesi inafunga. Ikijaribu tena huenda ikawaka vizuri hadi jioni. Basi gesi ipo, cheche ipo, feni inazunguka. Bodi ya umeme inayoendesha boila ndiyo haiuoni mwali. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha bodi, na ni hasara tupu.

Elektrodi ya kuhisi (kifimbo cha chuma kinachokaa ndani ya mwali) hupitisha mkondo mdogo sana wa DC ndani ya mwali hadi kwenye chuma cha kichomeo, nao hurudi kwenye bodi kupitia waya wa ardhi. Nilichomoa waya wa elektrodi, nikapitisha mkondo huo ndani ya multimita iliyowekwa kwenye mikroampia (sehemu za milioni za ampia). Ilisoma 0.7, ikiyumba. Elektrodi ilikuwa na utando mweupe. Nikaisugua kwa pamba ya chuma laini (msasa huacha chembe) na kuweka gasketi mpya. Mkondo ukapanda hadi 1.2, lakini boila ikipata moto ulishuka tena.

Mkondo kushuka boila ikipata moto kulielekeza kwenye viungo vya waya. Umeme ukiwa umezimwa, ukinzani kati ya kichomeo na ardhi ulisoma omu 40, ukibadilika waya ukitikiswa. Unapaswa kuwa chini ya 1. Skrubu ya waya wa ardhi ilikuwa imekazwa juu ya kutu. Kukwangua hadi chuma king'ae, kuweka washa (pete ya skrubu) yenye meno, kukaza: mikroampia 3.4, imetulia hata boila ikiwa moto.

Kifuniko cha kichomeo afungue fundi wa gesi mwenye leseni tu.