Toni Iliyomwangusha Tvashtri

Leo natimiza wiki tatu Rishikesh, India, na bado hatujavuka sura ya kwanza ya Upanishadi ya Taittiriya. Kila alfajiri tunaketi sakafuni katika ukumbi wa ashramu, makao ya watawa wa Kihindu, mto Ganga ukivuma nje ya dirisha, tunasoma dua ya kuomba mwalimu na mwanafunzi walindwe pamoja na wasichukiane, kisha Swamiji, mtawa anayetufundisha, anatamka kipande kimoja mara moja nasi tunakirudia mara mbili. Kitabu hufungwa. Nikikichungulia, yeye hunyamaza mpaka nikifunike.

Nilitoka Mombasa nikiitaka maana. Upanishadi ndizo sehemu ya mwisho ya Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, zinazouliza nafsi ni nini, na nilitarajia tuzame humo tangu siku ya kwanza. Kumbe hii ya Taittiriya, mara baada ya dua yake ya ufunguzi, inaanza na elimu ya matamshi, na inayataja mambo yake sita: herufi, toni, urefu wa irabu, nguvu ya kutamka, ulinganifu na mfululizo wa sauti. Ndipo nilipoacha kulalamika, angalau kwa mdomo.

Herufi zenye mpumuo hazikunitaabisha, maana sisi wa Kimvita tumezoea kutofautisha paa la nyumba na p'aa wa mwituni. Kinachonishinda ni toni. Kitabuni, silabi ya kushuka huwekewa kistari cha kulala chini yake, ya kupanda huwekewa kilichosimama juu yake, na isiyo na alama husomwa kwa sauti ya kati. Kwa macho ni jambo jepesi. Kitabu kikifungwa, koo langu linarudia mazoea yake.

Jana nilipandisha mahali pa kushuka mara nne mfululizo. Swamiji hakunikaripia, bali alitusimulia kisa cha Tvashtri, mungu fundi, ambaye mwanawe aliuawa na Indra, mfalme wa miungu. Kwa uchungu alimimina soma, kinywaji cha sadaka, iliyosalia katika moto na kumwamuru kiumbe atakayetokea akue awe "indrashatru", yaani muuaji wa Indra. Lakini mkazo aliuweka kwenye silabi ya kwanza badala ya ya mwisho, na neno lilelile likawa na maana ya mtu ambaye muuaji wake ni Indra. Akatokea Vritra, na Indra akamuua.

Kinachonishangaza zaidi ni msimulizi mwenyewe. Swamiji ni mtawa wa tawi la Saraswati, mojawapo ya majina kumi ya watawa ambayo mapokeo yanasema yalipangwa na Shankara, mwanafalsafa wa Kihindu wa zamani. Siku alipoingia utawani alikata kishungi cha nywele, akavua uzi mtakatifu na kuacha kabisa sadaka za moto. Sehemu kubwa ya Veda ni maneno ya sadaka hizohizo ambazo yeye hatazifanya tena maishani, na bado hawezi kuvumilia silabi yake moja ipinde. Sijamuuliza sababu, kwa kuwa naona swali hilo bado ni kubwa kuliko mimi.

Baada ya kisomo nilimweleza kwamba hata kwetu lipo neno la namna hiyo: barabara ya kupita magari, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na barabara ya kusema kwamba jambo limekaa sawasawa, mkazo ukirudi nyuma silabi moja. Alitaka kuzisikia zote mbili. Nikazitamka mara moja, naye, kwa mazoea yake, akazirudia mara mbili huku amefumba macho. Ya kwanza ilitoka vizuri; ya pili ikageuka kuwa njia ya magari. Nikamwomba arudie. Akarudia, akakosea tena, akacheka, na kunikumbusha kwamba kesho ni mwezi mpevu na keshokutwa ni siku ya kwanza baada yake, siku ambazo Veda haisomwi, kwa hiyo atakuwa na muda wa kufanya mazoezi.