Siku moja kijijini, eneo la Charotar, jimbo la Gujarat, India

Saa 11 alfajiri. Januari huku ina baridi, nimevaa sweta mbili. Mama mwenye nyumba keshachuchumaa ubavuni mwa nyati anakamua. Msifikirie mbogo wa Serengeti. Hawa ni nyati wa kufugwa, wapole, na maziwa yao yana mafuta asilimia 6 hadi 7. Mimi ni mtu wa Tanga, nasomea maziwa, na chuo kimenileta hapa, si mbali na mji wa Anand, kwa mafunzo ya vitendo.

Saa 12. Foleni kwenye chama cha maziwa cha kijiji. Wengi ni akina mama, kila mmoja na ndoo yake ya stili. Napima uzito, nachota sampuli, mashine inasoma mafuta, karatasi inatoka na hesabu yake ya rupia. Namba zinaonekana na kila mtu, kwa hiyo ubishi ni mdogo. Maziwa yanaingia kwenye tangi la kupozea mpaka nyuzi 4, halafu lori linakuja kuyachukua.

Mfumo huu ulianzia hapa hapa, wakati huo ikiitwa wilaya ya Kaira, mwaka 1946, wafugaji walipogoma kumuuzia maziwa mnunuzi mmoja aliyekuwa amehodhi soko. Ndiyo asili ya Amul, ushirika mkubwa wa maziwa wa India. Ninachokipenda mimi ni kwamba mwenye nyati mmoja anapanga foleni na mwenye ishirini, wanapimwa kwa mashine moja, na kwenye uchaguzi wa chama kila mmoja ana kura moja.

Saa 3. Chai ya tangawizi na mkate wa uwele, moto kutoka kwenye kikaango cha udongo. Babu wa nyumba hii alizaliwa Kisumu. Watu wa Charotar, hasa akina Patel, walihamia sana Afrika Mashariki. Nikimpa shikamoo anajibu, “Mzuri sana! Kuja kaa, mjukuu, kula.” Siku hizi nimeacha kumsahihisha.

Saa 6 mchana. Natembea kijijini. Barabara ni ya lami. Shule ya msingi inatoa chakula cha mchana bure, na wadogo zaidi wana kituo chao, anganwadi. Duka la mgao linatoa nafaka kilo 5 kwa mtu kila mwezi kwa familia zinazostahili, kwa sheria ya 2013. Dukani, hata biskuti za rupia 5 watu wanalipia kwa simu.

Daktari hakuna. Yupo mhudumu wa afya wa jamii, mama wa mtaa wa pili, na zahanati iko kijiji cha jirani. Lakini nyati akiumwa, chama kinapigiwa simu na daktari wa mifugo anafika siku hiyo hiyo. Binadamu anapakiwa kwenye pikipiki. Na si kila mtu ana nyati wala shamba: kule pembeni wanaishi vibarua wanaovuna tumbaku za wengine, na foleni ya asubuhi wengi wao haiwahusu.

Saa 11 jioni. Ukamuaji wa pili, foleni ya pili. Yale yale, na mbu juu yake.

Saa 3 usiku. Tumeshakula, taa zinawaka. Tangu mwaka 2003 Gujarat ilianza kutenganisha nyaya za umeme wa majumbani na za pampu za mashambani. Nyumba zinapata umeme saa 24. Pampu za kijiji hiki zinapata kama saa 8, kwa zamu, mchana au usiku. Wiki hii zamu yetu ni usiku, na ngano inataka maji. Kaka mwenye nyumba anavaa mabuti kwa ajili ya nyoka, anachukua tochi na fimbo. Namuuliza, babu akitafsiri, kwa nini asifunge swichi ya kuwasha pampu kwa simu.

“Iko,” babu ananijibu bila hata kumuuliza mwanawe. “Lakini mfereji nani atafungua, simu?”