Flin Flon na barua ya daktari

Leo mchana ubishi wa hoki ya barafuni umeishia Flin Flon. Wengine walidhani ni jina la utani 😂

Ni mji uliokua kwa machimbo ya shaba na zinki, mpakani mwa Manitoba na Saskatchewan huko Kanada. Timu yao ya vijana, Bombers, ilianza 1927. Mwaka 1957 ikabeba Memorial Cup, kombe kubwa kuliko yote kwa vijana Kanada, baada ya mechi 7 na vijana wa Ottawa.

Kamji kale!

Ila mimi nang'ang'ania kwa mchezaji wao wa zamani, Bobby Clarke.

Mtoto wa hapo hapo, ana kisukari cha aina ya kwanza. Klabu kubwa zilimwogopa. Hoki inachoma sukari haraka mno. Ikishuka katikati ya kipindi cha dakika 20, mchezaji anatetemeka, miguu inalegea, anaweza hata kuzimia.

Kocha wake, Pat Ginnell, akampeleka Mayo Clinic, hospitali maarufu ya Marekani. Madaktari wakaandika: akijitunza, anacheza.

Hata na karatasi hiyo mkononi, mwaka 1969, klabu za NHL, ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini, zilipochagua vijana kwa zamu, waliitwa wenzake 16 kabla yake. Philadelphia Flyers wakamchukua wa 17. Miaka 5 baadaye ndiye nahodha aliyenyanyua Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL. 1975 tena.

Na siku hizi Bombers wakishinda, mashabiki hurusha barafuni mguu wa muusi, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Mguu, jamani!

Kwenye timu zenu mashabiki hurusha nini? Semeni hapa chini.