Raundi ya winga wa kushoto

Jumapili ya vunja jungu mwaka 2013, timu yetu ya maveterani wa Tabata ilishinda tatu kwa moja kwenye uwanja wa vumbi wa shule ya msingi. Mawili alifunga winga wetu wa kushoto, dereva wa bodaboda. Kwa umri hakuwa veterani hata kidogo. Tulimchomeka kwa sababu sisi wenye vitambi tulikuwa tunakata pumzi dakika ya 20. Uwanjani alitugombeza wote. "Rudi, kaka! Rudi ukabe!" Hata Mwenyekiti, aliyenunua jezi na kwa hiyo akajipa namba 10 isiyotolewa nje, alifokewa akatii.

Mechi ikaisha, tukavuka barabara hadi baa. Mwenyekiti, wakala wa forodha, alikaa kichwani mwa meza, sisi wa mishahara tukamzunguka. Winga, fundi rangi na konda wa daladala walijipanga mwisho kabisa, moshi wa jiko la nyama ukiwapiga. Utaratibu wetu ulikuwa raundi: kila mtu ainunulie meza nzima, zamu kwa zamu. Waliouanzisha waliuona wa haki, kwa kuwa wote wanalipa sawa. Haki gani, ikiwa raundi moja kwa huyu ni posho ya kikao na kwa yule ni chakula cha watoto wiki nzima? Konda alikuwa na ujanja wake: bia ya pili ikiisha, anapigiwa simu ya dharura. Fundi rangi kila Jumapili alikuwa kwenye dozi ya malaria, anaomba soda. Tulijua, tukanyamaza.

"Dada, kama walivyo!" akaita Mwenyekiti. Baadaye mhasibu, kisha mimi. Bei ilikuwa imetoka kupanda baada ya bajeti, lakini vunja jungu haina bajeti. Zamu ilipofika kule mwisho, Mwenyekiti akacheka: "Dogo, wewe kunywa tu. Umeshalipa kwa magoli."

Nadhani alitaka kumsitiri. Winga akasimama.

"Mwenyekiti, na mimi ni mwanachama. Dada, kama walivyo."

Tulikuwa watu kumi na wawili. Akatoa kwenye mfuko wa ndani wa koti fungu la noti lililobanwa kwa raba. Konda, siku hiyo hakupigiwa simu, akaninong'oneza: "Hiyo ni hesabu ya tajiri wa pikipiki." Nikamfuata winga kaunta nikitaka kulipa mimi. Aliniangalia, nikarudi kukaa. Bia zikaja, tukagonga glasi, tukamshangilia.

Katikati ya wiki mwenye pikipiki akaichukua pikipiki yake.

Baada ya Idi winga alirudi uwanjani, safari hii akiwa deiwaka kwenye pikipiki ya mwenzake. Akafunga tena, akavua njumu, akawasha chombo, akapotea kabla hatujavuka barabara.

"Mbona dogo anatukimbia siku hizi?" Mwenyekiti akauliza akivuta kiti chake. "Au ameokoka?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Fundi rangi ndiye aliyecheka kuliko wote.