Sekunde tisa za mvuke: nilivyotibiwa tezi dume bila kulazwa

Kwa miaka minne niliamka mara nne au tano kila usiku kwenda haja ndogo. Nilisimama gizani nikisubiri mkojo uanze, ukadondoka kidogo, ukakatika, ukaanza tena, na nikirudi kitandani nilihisi kana kwamba sikuwa nimekwenda kabisa. Nilijiambia kuwa huo ndio uzee. Nadhani wanaume wengi wa rika langu hujiambia hivyo hivyo, kwa sababu tukitaja tezi dume neno linalofuata ni upasuaji, na baada ya upasuaji huja hofu ya kupoteza nguvu za kiume, ambayo hatuitamki hata mbele ya wake zetu.

Tezi dume huuzunguka mrija wa mkojo pale unapotoka kwenye kibofu. Ya kijana ina uzito wa gramu 20 hivi, lakini umri unavyosonga hukua na kuubana mrija huo, na karibu nusu ya wanaume wenye umri wa miaka 51 hadi 60 huwa tayari wana ukuaji wa namna hiyo. Ukuaji huo si saratani, ingawa magonjwa hayo mawili yanaweza kukaa katika tezi moja, na ndiyo maana nilipimwa damu na kuchunguzwa kwa kidole kabla ya jambo lolote.

Nilipewa fomu yenye maswali saba kuhusu shida za kukojoa, ambayo alama zake za juu kabisa ni 35. Nilipata 22, kiwango kinachohesabiwa kuwa kikali. Chini yake kulikuwa na swali jingine: ungejisikiaje kama ungeambiwa utaishi na hali hii maisha yako yote yaliyobaki? Nililitazama kwa muda mrefu. Vidonge vya kulegeza misuli ya tezi nilikuwa nimevitumia, vikanisaidia kiasi, lakini kila niliposimama ghafla nilipata kizunguzungu.

Daktari hakunificha kwamba kuikwangua tezi kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mrija wa mkojo ndiko kunakoleta nafuu kubwa zaidi. Hata hivyo, baada ya matibabu hayo wanaume wengi hufika kileleni bila kutoa manii, kwa kuwa hurudi nyuma kwenye kibofu. Njia nyepesi zaidi zipo. Mojawapo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, ni ya vibanio vidogo vinavyoivuta tezi pembeni. Nyingine, ya mwaka 2015, ni ya mvuke wa maji. Kwa ukubwa wa tezi yangu mvuke ulifaa, nami nikauchagua kwa sababu kwa walio wengi hauharibu tendo la ndoa wala kutoka kwa manii.

Nilitiwa ganzi, nikabaki macho. Kifaa chembamba chenye kamera kilipitishwa kwenye mrija, kikatoa sindano, na kila ilipochoma mvuke uliingia kwa sekunde tisa. Nilihisi joto na hamu kali ya kukojoa, nikahesabu kimoyomoyo hadi tisa mara sita, kazi ikaisha. Siku hiyo hiyo nilirudi nyumbani.

Watu hawaelezwi vya kutosha kuhusu siku zinazofuata, na hapa ndipo ningependa msomaji asome polepole. Mvuke hauondoi kitu papo hapo; huua chembechembe za tezi, na mwili huzifyonza kwa wiki kadhaa, huku tezi ikiwa imevimba kwanza. Kwa hiyo nilikaa na mpira wa mkojo kwa siku tano, mfuko umefungwa pajani chini ya kikoi, na ulipotolewa mkojo ulinichoma na kuja na damu kidogo. Katika wiki ya tatu niliamini kwamba nimekosea. Wiki ya sita mkojo ulitoka kwa mkondo mmoja usiokatika. Mwezi wa tatu nilijaza fomu ile tena, nikapata 9.

Si kila tezi inafaa kwa njia hii, hasa iliyokuwa kubwa mno, na wapo wachache wanaolazimika kutibiwa tena baada ya miaka kadhaa. Anayekwenda kuonana na daktari amuulize ukubwa wa tezi yake kwa vipimo, na amweleze waziwazi kile asichotaka kukipoteza. Mimi nilikisema katika ziara ya tatu tu, na njia niliyotibiwa ilitajwa siku hiyo hiyo.